Kiswaswadu miezi minne: maoni ya fundi cherehani anayetunga utenzi

Nilikinunua mwezi wa tatu, dukani kwa kijana mmoja huku kwetu Ngamiani, Tanga, kwa shilingi 35,000. Ni kisimu kidogo cha batani, laini mbili, tochi, redio. Kampuni siitaji, maana vilivyopangwa kwenye kioo vyote vilikuwa vya namna hiyo hiyo. Nawaandikia hasa nyinyi mnaotunga, mnaochora na mnaodarizi, mkimaliza kazi za mchana.

Mimi nashona, usiku natunga. Tangu mwaka juzi nilitaka kuandika utenzi wa mkonge, kwa ajili ya babu yangu aliyetoka Songea akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, akazikwa huku huku. Kwenye simu yangu kubwa nilikusanya kila kitu: picha za korona za zamani (mashine za kuchakata mkonge), sauti za wazee, makala alizonitumia mtoto wa dada yangu, video za watu wakikata mkonge. Kila nikishika kalamu nasema ngoja nitafute hili kidogo. Natafuta, inaingia meseji ya kikoba, naijibu. Ya wazazi wa shule, ya kamati ya harusi, ya ukoo. Nikiinua kichwa ni saa sita, bando limekwisha na daftari halina hata mstari. Iliniuma sana. Nilikuwa na habari za mkonge kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na babu bado hajatungiwa ubeti mmoja.

Wiki ya kwanza ya kiswaswadu ilikuwa ngumu, mkono unakipapasa kila dakika na hakina kitu cha kunionyesha. Wiki ya pili nikagundua ninachokihitaji kimeshakaa kichwani. Kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche Florida, na mwaka 1893 iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62 tu. Kwamba manamba alikuwa na kipande, kadi yake ya kazi, hakijai mpaka amalize siku 30 za kazi. Na mikono ya babu, makovu ya miiba mpaka kwenye viwiko. Kwa kuanzia yalitosha.

Kitu ambacho sikukitegemea ni SMS. Herufi 160: ubeti wa utenzi, mizani 32, yaani silabi nane kila mstari, unaingia wote na nafasi inabaki. Kila nikimaliza ubeti namtumia shoga yangu wa Chumbageni, mtunzi kuliko mimi. Kuandika ni polepole, herufi s ni kubonyeza 7 mara nne, kwa hiyo neno lisilo na kazi unaliacha mwenyewe. Mstari wa pili nilimpelekea “Iliyotoka nchi mbali”. Akajibu: “Tisa hiyo shoga, punguza.” Nikashinda nao siku nzima nikipiga pasi, nikihesabu kwa vidole, mpaka ukakaa:

Miche sitini na mbili
Ilotoka nchi mbali
Kwenye hili jua kali
Tanga ikaota nyuzi

Zamani ningeona mizani imezidi, ningefungua simu kutafuta neno, na nisingerudi.

Mengine kwa ufupi. Nachaji Jumapili, kinafika Alhamisi. M-Pesa inafanya kazi kwa *150*00# kama kawaida, wateja wananilipa bila shida. Redio haishiki mpaka uchomeke waya wa masikioni.

Ubovu: batani ya 5 ilianza kugoma nikiwa nacho mwezi wa pili, na humo ndimo ilimo k, na Kiswahili bila k hakiendi. Fundi aliisafisha kwa 2,000, sasa inakubali ukiibonyeza kwa nguvu.

Lakini kilichoniumiza kweli ni maziko. Mwezi wa tano alifariki mama mmoja wa Makorora aliyenifundisha kukata kanzu. Taarifa ilipita kwenye kundi, mimi nikapata habari kesho yake, watu wameshatoka makaburini. Nilikwenda kuwaomba radhi wanawe. Tangu siku hiyo jirani yangu ana namba yangu na agizo: msiba ukitokea, nipigie hata usiku wa manane. Simu kubwa anakaa nayo binti yangu, naifungua Jumamosi jioni tu. Usinunue kiswaswadu kabla hujampata mtu wa kukupigia hivyo.

Kuhusu mishono, wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine kwa sababu hawawezi kunitumia picha. Waliobaki wanakuja nayo kwenye simu zao, tunaitazama pamoja, naichora kwa chaki juu ya karatasi wakiwa wamekaa hapo hapo. Makosa ya kola yamepungua.

Hiki kikifa nitanunua kingine cha namna hii hii. Jana usiku nimefika ubeti wa 86, na babu ndiyo kwanza anashuka kwenye lori.