Kebo Ipi Itaondoa Upinde wa Mvua kwenye Kofia ya Bwana Harusi?

Ukitazama diski ya harusi ya hapa Lamu kwenye televisheni ya zamani iliyounganishwa kwa kebo ya njano, utaona kofia ya bwana harusi, iliyodariziwa kwa uzi mweupe mtupu, ikimeta kijani na zambarau kila kamera inapoisogelea, na pembeni mwa leso nyekundu vidoti vikitambaa kama sisimizi. Diski haina kosa. Kebo ya njano hubeba mwangaza na rangi katika waya mmoja. Katika PAL, mfumo wa televisheni ya rangi uliotumika Kenya, rangi hupandishwa kwenye masafa ya takriban megahezi 4.43, na mishono myembamba ya kofia, ambayo ni mwangaza tu, huangukia masafa hayohayo, hivyo televisheni ikaidhania kuwa rangi.

Kabla ya kutoa pesa, geuza televisheni na deki uone matundu ya nyuma.

Kati ya kebo zote naweka mbele HDMI, kebo ya kidijitali, kwa kuwa huko mchanganyiko huo wa mwangaza na rangi haupo kabisa. Lakini kisanduku cha kugeuza HDMI kuwa njano hurudisha ugonjwa uleule.

Ya pili ni kebo ya ncha tatu, kijani, buluu na nyekundu, ambayo deki nyingi za DVD zinayo. Usisahau kuichagua kwenye menyu ya deki, na nyekundu ya picha usiichomeke kwenye nyekundu ya sauti.

Ya tatu ni S-Video, tundu la duara lenye pini nne, ambamo mwangaza na rangi hupita njia mbili tofauti. Adapta ya kutoka njano kwenda S-Video usiinunue, kwani vilivyokwisha changanywa haitavitenganisha.

Ikiwa njano ndiyo pekee uliyo nayo, tafuta televisheni yenye kichujio cha chanuo, kinacholinganisha mistari ya picha iliyo jirani ili kutenga rangi na mwangaza. Hakimalizi kasoro, ila huipunguza sana. Nendapo dukani mimi hubeba diski yenye mtu aliyevaa kikoi cha mistari myembamba, na muuzaji akikataa kuicheza, natoka.

Mwisho kabisa ni kebo ya njano ya bei kubwa yenye ncha za dhahabu. Itastahimili chumvi ya pwani yetu, hilo nakubali, lakini kofia itabaki na upinde wake. Afadhali uteremshe kiwango cha ukali wa picha kwenye menyu ya televisheni, jambo lisilogharimu hata shilingi.