Recovery mode ya Ubuntu: umesahau paswedi, usikimbilie kufomati

Wakuu, hii recovery mode, yaani kuwasha mashine kwa ajili ya kuirekebisha, iko ndani ya Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows) bure kabisa na naipa nyota 4 kati ya 5. Laptopu ya mdogo wangu ilikataa paswedi, fundi wa mtaani akasema hapo hakuna namna, ni kupiga upya na mafaili yaende, wakati humo ndani kuna ripoti yake yote ya fildi. Nikamwambia lete hiyo mashine.

Kwanza cheki Caps Lock na mpangilio wa kibodi, maana kibodi ya Uingereza na ya Marekani zinabadilishana @ na alama ya kunukuu, unaandika sahihi na bado inakataa. Ikigoma, washa huku unabonyeza Esc (zile za zamani unashikilia Shift) mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mashine iwakeje, itokee, ingia Advanced options, chagua mstari wenye recovery mode, halafu root. Umeshakuwa bosi wa mashine bila kuulizwa kitu! Ubuntu yenyewe root (akaunti kuu yenye ruhusa zote) inakuja imefungwa, haina paswedi, ndo maana wanaohangaika na su, amri ya kuhamia root, wanakataliwa kila siku.

Sasa wengi wanakwama hapa, unaandika passwd (amri ya kubadilisha paswedi) na jina la mtumiaji inakuletea Authentication token manipulation error, mtu anadhani diski imekufa kumbe imefunguliwa kwa kusomwa tu. Andika kwanza mount -o remount,rw / ndo urudi kwenye passwd. Ukichapa paswedi mpya huoni nyota wala nukta, we chapa tu, Enter, rudia tena. Nyota moja naikata hapo, sentensi moja tu kwenye skrini ingewaokoa watu wengi sana.

Kama unaingia vizuri ila sudo (amri ya kufanya kazi kwa ruhusa za root) inasema haumo kwenye sudoers, yaani orodha ya walioruhusiwa kuitumia, hiyo siyo shida ya paswedi, humo humo andika usermod -aG sudo na jina lako.

Ila jamani, kama mimi nimeingia kirahisi hivi na mwizi ataingia, wenye mafaili ya ofisi wakati wa kuinstoo wekeni ile encryption ya diski, yaani kuifunga diski yenyewe kwa paswedi, na paswedi yake muitunze vizuri kwa sababu ile ikipotea recovery mode haisaidii kitu.

Ya mdogo wangu ilifunguka, ripoti ipo. Chrome ndo ikaanza kudai paswedi ya zamani ya keyring (kabati la paswedi zilizosevuwa), hiyo haibadiliki ukitumia passwd ukiwa root, ikabidi tuifute na paswedi alizosevu humo zikaenda.