IST ya 2004, namba D: uzoefu wangu wa kununua gari la kwanza mkononi

Ninaendesha Toyota IST ya mwaka 2004, ya cc 1,298, gia otomatiki, namba D, yaani zile herufi tatu za mwisho za namba ya usajili zinaanza na D. Niliinunua mkononi hapa Dar es Salaam kwa shilingi milioni 9.2, na sasa imepita zaidi ya mwaka. Ndilo gari langu la kwanza. Ninaipenda na ningeinunua tena, ila nasema hivyo kwa hii niliyonayo, si kwa kila IST inayopigwa picha ikiwa imeoshwa na kuvalishwa rimu mpya. Kwenye magari ya umri huu jina la gari linakueleza nusu tu. Nusu nyingine ni nani alikuwa nalo na alikuwa analihudumia vipi.

Bajeti yangu ilikuwa milioni 11, na humo humo kulikuwa na pesa ya kuhamisha umiliki na matengenezo ya mwanzo. Kuagiza Japani nilikufikiria kwanza. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato) cha magari yaliyotumika, chagua IST ya miaka hiyo, utaona mwenyewe: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ule ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10. Ukijumlisha na meli na gharama za bandarini, bajeti yangu haikufika. Nikabaki na soko la mkononi.

Kwa nini IST? Toleo la kwanza lilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, likiwa na injini ya 2NZ ya cc 1,298 au 1NZ ya cc 1,496. Zote mbili zinatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo huna hofu ya mkanda kukatika njiani ukaua injini. Hiyo 1NZ ndiyo iliyomo kwenye Spacio, RunX, Raum na Premio ndogo. 2NZ imo kwenye Vitz na Probox. Maana yake spea zipo Gerezani, zipo Ilala, zipo mikoani, na fundi wa mtaani hahitaji kujifunzia kwenye gari lako. Passo ya cc 990 ingeninywea mafuta kidogo zaidi, lakini familia yetu ni ya watu wanne na milima ya Goba tunaipanda kila siku. Carina TI mafundi bado wanaisifu, na wana haki, ila mpya kabisa kati yake ni ya 2001.

Sasa hili la namba. Sokoni utasikia "hii ni namba D", "ile ni namba E", na bei inapanda kwa herufi hiyo tu. Herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Nilionyeshwa IST namba E ya mwaka 2003 iliyokuwa inauzwa ghali kuliko namba D ya 2006 iliyokuwa safi kuliko yenyewe. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukitaka kuthibitisha, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho. Mara nyingi chini kabisa kuna kilebo kimeshonewa, na tarehe ipo pale. Kilomita za kwenye dashibodi mimi sizipi uzito, kwa sababu kuzirudisha nyuma ni kazi ndogo sana kwa anayeijua. Ninaangalia pedali ya breki, usukani na siti ya dereva vimechakaa kiasi gani.

Gari la kwanza tulilokwenda kuliona lilikuwa Kinondoni. Kwenye tangazo: AC ya baridi, haidaiwi, ingia barabarani, maongezi yapo. Tulilikuta tayari linaunguruma. Fundi wangu, mtu mzima ambaye kaka yangu anamtumia miaka yote, aliweka kiganja kwenye boneti, akaomba injini izimwe, tukakaa kivulini mpaka ipoe. Dalali hakupenda. Injini ya moto inaficha mengi: moshi wa bluu wa kunyonya oili unaonekana vizuri asubuhi inapowashwa ikiwa baridi, na milio ya cheni iliyolegea inasikika sekunde zile za mwanzo. Ilipowaka tena ilikuwa sawa. Kisha fundi akakanyaga breki, akatoa gia kutoka P (kuegesha) kwenda R (kurudi nyuma). Gari likakaa kimya kidogo, halafu likashtuka kama limegongwa kwa nyuma.

"Mdogo wangu, umesikia hapo?"

Dalali akasema ni hydroliki tu, yaani oili ya gia boksi, ikibadilishwa itatulia. Fundi akachomoa kijiti cha gia boksi, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akanionyesha: oili nyeusi yenye harufu ya kuungua. Inatakiwa iwe nyekundu na isitoe harufu hiyo. IST hii inatumia ATF (oili ya gia otomatiki) ya aina ya T-IV, na nyingi zimeuawa kwa kumiminiwa oili yoyote nyekundu iliyokuwa dukani siku hiyo. Gia boksi ya mtumba pamoja na ufundi ingemeza akiba yangu yote ya matengenezo. Tukaaga.

Yangu niliipata Tabata, kwa mama mmoja muuguzi. Kwa macho ilikuwa mbaya kuliko ile ya Kinondoni: rangi ya boneti imebabuka, mlango wa kushoto una mbonyeo. Lakini kwenye droo ya mbele kulikuwa na daftari la shule, na ndani yake tarehe za kubadilisha oili, kilomita, hata bei ya filta. Injini ilikuwa baridi tulipofika. Tulipofungua rejeta tukakuta kulanti safi (kimiminika cha kupoozea injini), si maji ya bomba yenye kutu. Kutoka P kwenda R, kwenda D (mbele), gia iliingia bila kelele. Chini ya kifuniko cha oili hakukuwa na ile krimu ya maji kuchanganyika na oili.

"Mama, na huu mlango?" nikamuuliza.

"Huo ni geti la nyumbani, mwanangu. Lakini injini haijawahi kufunguliwa."

Alianza na milioni 9.8, tukaelewana.

Makaratasi usiyachukulie wepesi. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na kadi iwe halisi mkononi. Kuna jamaa alitaka kuniuzia gari kwa nakala, kadi yenyewe ikiwa imeshikiliwa na mkopeshaji. Siku hizi watu wengi wanakopea kadi za magari, hivyo hili utakutana nalo. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone faini, kisha angalia deni la maegesho. Madeni hayo yanafuata namba ya gari, na ukishanunua utakayesumbuliwa ni wewe. Mkataba tuliuandika kwa wakili. TRA ada ya kuhamisha umiliki ni shilingi 50,000 na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei. Mimi na yule mama tulikwenda pamoja na TIN zetu (namba za mlipakodi), na sikumaliza kulipa mpaka hapo.

Baada ya kununua nilibadilisha shokapu za mbele, stabilaiza linki (vile vyuma vya kuzuia gari kuyumba), plagi zote nne na mauntingi moja (raba inayoshikilia injini) iliyokuwa inatetemesha dashibodi kwenye foleni. Haya ni magonjwa ya kawaida ya IST. Kwa plagi na mauntingi, mtumba halisi kutoka Japani umenifaa kuliko mpya ya bei chee yenye boksi la Toyota ambalo hata herufi zake zimekaa upande. Mafuta: foleni ya Mbezi hadi Posta inanipa kama kilomita 12 kwa lita, barabara ya Morogoro inafika 15 na zaidi. Bima nimekata ndogo (ya kufidia wengine tu), 118,000 pamoja na VAT. Road licence (ada ya mwaka ya barabara) hatulipi tena kwa mwaka tangu 2017, tunailipia kwenye mafuta.

Udhaifu upo. Buti ni dogo. Gunia la mkaa na begi moja, limejaa. Mita ya spidi iko katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva, ilinichukua muda kuizoea. Na hii ya cc 1,298, ukipanda Kitonga na watu wanne, mizigo na AC, lazima uzime AC na ukubali kupitwa na mabasi. Anayesafiri sana kwenda Iringa au Mbeya atafute ya 1NZ. Tofauti ya mafuta ni ndogo, na kwenye mlima utaiona. Anayezunguka mjini kama mimi, 2NZ inatosha kabisa. Vyovyote iwavyo, tenga milioni 1.5 pembeni kabla hujataja bei kwa muuzaji yeyote, maana gari la miaka 20, hata la yule mama wa Tabata, lina kitu kinachosubiri kubadilishwa.