Chambo Hai cha Krapi: Ununue Mino Gani?

Watu wetu wengi waliohamia jimbo la Kentucky, Marekani, wametokea kando ya maji: Kigoma, Uvira, Kalemie, Rumonge. Mtu kama huyo hakai Louisville muda mrefu kabla hujamkuta Taylorsville Lake Jumamosi alfajiri, amekunja suruali, anamtafuta krapi. Ni samaki bapa, rangi ya fedha na madoa meusi, nyama yake nyeupe na laini. Mkaange mkavu, mkamulie ndimu, utamsahau sato kwa muda.

Wengi hukwama kwenye chambo. Minyoo tuliyozoea kuchimba haimvuti sana krapi mkubwa. Yeye anataka samaki wadogo, na hapa wanauzwa wakiwa hai, kwa dazeni. Kwa jumla wanaitwa mino. Shangazi yangu aliponiona nalipa dola 4 alishika kiuno: "Unanunua dagaa wazima, halafu unawatupa ziwani?" Ndiyo, Shangazi. Ila hela hiyo usiitupe kwa mino asiyefaa.

Mimi nawapanga kwa kipimo kimoja: nani atakuwa bado anacheza kwenye ndoano baada ya nusu saa. Mino mfu krapi humla mara mojamoja, lakini hukulipa dukani upate maiti.

Wa kwanza ni fathedi, mwenye kichwa butu na rangi ya kijivu iliyofifia. Havutii macho, na wageni humpita. Lakini anavumilia maji yenye hewa kidogo, anavumilia joto kuliko wenzake, na ukimtoboa bado anaogelea. Kwa anayevua akiwa ukingoni na ndoo ya kawaida, asiye na boti wala mashine, sioni sababu ya kununua mwingine.

Wa pili ni fathedi yuleyule, ila wa rangi ya chungwa, anayeuzwa kwa jina la rozi. Ugumu wake ni uleule. Mnunue maji yanapokuwa na tope baada ya mvua, kwa sababu anaonekana. Maji yakiwa safi, usilipe zaidi kwa ajili ya rangi.

Wa tatu ni goldeni shaina. Hapa wavuvi wazoefu watanigombeza, maana huyu anang'aa kama kijiko kipya na krapi mkubwa humfuata kwa hasira. Sibishi. Lakini magamba yake yanabanduka ukimshika tu, na siku ya joto nusu ya dazeni itaelea tumbo juu kabla hujafunga boya. Mnunue kama una ndoo yenye pampu ya hewa, au wakati wa baridi. Vinginevyo mwachie mwenye boti.

Wa mwisho ni wale wa kuvua mwenyewe kijitoni kwa kimia. Bei yake ni bure, lakini kila jimbo lina sheria zake juu ya kuwavua na kuwahamisha, na wanaweza kubeba magonjwa ya samaki. Goldfishi wa mapambo simpangi kabisa. Majimbo mengi yamemkataza kuwa chambo.

Kuhusu ukubwa, chukua wa sentimita 4 au 5. Muuzaji atakusukumia wakubwa. Wa sentimita 7 wanafaa ukiwa na hakika kwamba mahali pale pana krapi wanene.

Kabla ya kulipa, tazama tangi. Mino wazima huogelea pamoja, vichwa upande mmoja. Ukiona wanahema juu ya maji, wana ukungu mweupe mapezini, au wafu wamelala chini bila kuondolewa, nenda duka jingine. Wengi wa mino hawa hufugwa Arkansas, hasa upande wa Lonoke, na husafirishwa kwa lori, kwa hiyo uliza mzigo umeingia lini. Waliofika leo bado wamechoka. Waliokaa siku moja au mbili wameshatulia.

Sasa maji. Mara yangu ya kwanza nilihurumia mino wangu, nikawabadilishia maji kwa bomba la nyumbani. Dazeni mbili zilikufa kabla sijafika barabara kuu. Maji ya bomba yana klorini, na mino haiwezi. Tumia maji ya tangi la dukani, kisha uongeze ya ziwa kidogokidogo ili joto lisibadilike ghafla. Siku za joto tumbukiza chupa ya maji yaliyogandishwa, ikiwa imefungwa. Na usiwajaze: dazeni mbili kwa ndoo ndogo zinatosha.

Ndoano iwe ya waya mwembamba, namba 4 au 2. Ikinasa kwenye matawi, na itanasa, kwa kuwa krapi hupenda miti iliyozama, utaivuta ipinde itoke. Ukivua kwa boya, mtoboe mino mgongoni, chini kidogo ya pezi, bila kugusa uti. Ukivua kwa kuburuta polepole, pitisha ndoano midomo yote miwili kutoka chini kwenda juu. Mwache juu kidogo ya kina walipo samaki, maana krapi huona na kula kwa kuangalia juu. Boya likizama usivute kama unang'oa muhogo. Wamarekani humwita mdomo-karatasi, na hawatanii: ukikaza mkono, mdomo wake unapasuka, anaondoka. Inua tu fimbo.

Majira mazuri ni masika, hasa Aprili, maji yanapofika nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi na krapi wanasogea ukingoni kutaga. Ukipata usafiri nenda Kentucky Lake au Lake Barkley, magharibi mwa jimbo. Leseni unaihitaji kuanzia umri wa miaka 16.

Mino wakibaki usiwamwage ziwani, hata kama unaona unawapa uhuru. Hivyo ndivyo samaki wageni na magonjwa yanavyoingia. Mimi humpa mvuvi jirani. Asipokuwepo mtu, hufukiwa chini ya nyanya za Shangazi, ambaye bado anauliza kwa nini sikuwakaanga.