Refraktomita ya kununua Nairobi: anza na kimiminika chako, bei baadaye

Refraktomita, yaani chombo cha kupimia sukari au maji kwenye kimiminika kwa kutumia mwanga: yangu ya kwanza ilinipotezea asubuhi nzima. Niliinunua katikati ya mji kwa shilingi 2,800, na muuzaji aliniapia kwamba "hii inapima kila kitu, bosi." Nikafika nyumbani Umoja, nikadondosha tone la asali ya Mwingi kwenye kioo, nikafunika, nikaelekeza dirishani na kuchungulia. Nyeupe tupu. Nikafuta, nikarudia. Nyeupe. Nilikuwa nishaanza kutafuta risiti niirudishe ndipo nikasoma maandishi madogo ubavuni: 0–32% Brix, yaani asilimia ya sukari. Asali iko kwenye Brix 80 hivi. Mstari wa kusomea ulikuwa umepanda ukapita juu ya kipimo. Chombo kilikuwa kizima kabisa, mimi ndiye niliyepeleka mizani ya dhahabu kupima gunia la viazi.

Ndiyo maana kwenye orodha hii swali la kwanza ni unapima nini. Mwanga ukiingia kwenye kimiminika hupinda, na kadiri sukari inavyozidi ndivyo unavyopinda zaidi. Kwa nyuzijoto 20, maji safi husoma 1.3330 kwenye kipimo cha kupinda huko. Asali yenye maji asilimia 20, ambacho ndicho kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa asali ya kawaida, husoma 1.4865, na iliyokauka hadi asilimia 17 husoma 1.4940. Tazama pengo hilo: 0.0075 tu, na ndilo linaloamua kama chupa itakaa kabatini mwaka mzima au itaanza kutoa povu na kusukuma kifuniko. Brix ni lugha nyepesi ya jambo hilohilo, yaani gramu za sukari katika gramu 100 za mchanganyiko.

Namba moja: ya mkononi, ya kuchungulia

Kwa watu tisa kati ya kumi wanaoniuliza, jibu ni hii. Haina betri, haina skrini, na ukiitunza utairithisha. Lakini kuna zaidi ya moja. Ya 0–32 ni ya juisi, ya miwa, na ya maji ya kupozea mashine za chuma kule Industrial Area. Ya asali huandikwa 58–90% Brix, na pembeni ina kipimo cha maji kutoka asilimia 12 hadi 27. Hiyo ndiyo ningepaswa kununua. Ile ya 0–90 inavutia kwa sababu inadai kushika vyote, ila mistari yake imebanana mno, na mtaka yote hukosa yote. Ukienda Kirinyaga Road utapewa ya maji ya rejeta na asidi ya betri. Ni nzuri kwa gari, kwa juisi haikufai.

Wanaopika jamu wanihurumie hapa kidogo, maana hawa ndio wanaokihitaji chombo hiki kuliko wanavyodhani. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa kwa watu wa pwani, navyo husema jamu iko tayari ikifika digrii 104 au 105. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji huchemka kwa digrii 94 au 95. Ukingoja 105 utakuwa umeshatengeneza peremende, na sufuria utaikwangua kwa kisu. Jamu iko tayari ikifika Brix 65, na 65 ni 65 hapa na Mombasa. Ila usidondoshe jamu ya moto moja kwa moja kwenye kioo. Iache ipoe kwenye kijiko kwanza.

Hakikisha imeandikwa ATC, yaani inajirekebisha yenyewe kwa joto, kwa kawaida kati ya digrii 10 na 30. Kwa asali, kila digrii moja hubadilisha usomaji kwa 0.00023. Kutoka asubuhi ya Julai hadi mchana wa Februari unaweza kuruka digrii kumi na zaidi, na hizo ni karibu asilimia moja nzima ya maji kwenye hesabu yako. Hata yenye ATC, baada ya kudondosha tone subiri nusu dakika asali na kioo vilingane joto.

Ijaribu dukani kabla ya kutoa M-Pesa. Kwa ya 0–32, beba chupa ya maji ya betri kutoka petroli steshoni. Maji yaliyosafishwa lazima yasome sifuri, na isiposoma zungusha skrubu ya juu kwa bisibisi ndogo mpaka ikae. Ya asali haiwezi kuona maji, kwa hiyo beba mafuta halisi ya zeituni, yasome 71 au 72. Muuzaji akikataa usijaribu, salimiana naye uondoke. Nyumbani, pima gramu 20 za sukari na gramu 80 za maji kwenye mizani ya jikoni, koroga mpaka iyeyuke yote: unatafuta 20.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: chombo hiki hakijui asali halisi. Kinajua maji tu. Shira nzito ya sukari itasoma vizuri kama asali ya Baringo. Jirani yangu anayepakia asali huniletea ndoo zikishuka kwenye basi. "Kijana wangu, mashine inasema aje?" "Maji ishirini na mbili, mama." "Basi huyo aliyeniuzia atanipunguzia bei." Kwa kazi hiyo inatosha. Na asali iliyoganda iyeyushwe polepole kwanza ndani ya chupa iliyofungwa, kisha ipoe, la sivyo utaona ukungu badala ya mstari.

Namba mbili: ya dijitali

Unadondosha, unabonyeza, namba inatokea. Inafaa ukipima mara hamsini kwa siku, au kama macho yako yameanza kugoma. Mtego wa kipimo kuishia mapema uko palepale: Atago PAL-1 inaishia Brix 53, kwa hiyo kwa asali ni hasara ya pesa nyingi zaidi kuliko yangu. PAL-22S ya kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengenezewa maji ya asali, na Hanna HI96801 hufika Brix 85. Uzuri wa ya dijitali ni kwamba unaisawazisha kwa maji hata kama kazi yako ni asali. Ubaya ni jua la mchana, ambalo huichanganya, basi ikinge kwa kiganja.

Kwa maziwa, usinunue yoyote kati ya hizi. Nunua laktomita.

Namba tatu: Abbe ya mezani

Mwanafizikia Ernst Abbe aliieleza mwaka 1874 kule Jena, Ujerumani, na umbo lake halijabadilika sana. Inasoma kutoka 1.3000 hadi 1.7000, desimali nne. Ni ya maabara. Ukipata kuukuu, mulika kioo chake kwa tochi: kikiwa na mikwaruzo, acha.

Namba nne: kihisi cha faiba

Hiki nimekiweka mwisho kwa sababu si cha duka, ila ndicho ninachokipenda zaidi. Fundi anayeunganisha intaneti mtaani kwako anakijua bila kujijua. Ncha ya faiba iliyokatwa vizuri hurudisha hewani kama asilimia 3.5 ya mwanga, na ukiichovya majini hurudisha kama asilimia 0.2. Chanzo cha mwanga, spliti (ya kugawanya mwanga) na pawa mita (ya kupima nguvu yake) vinatosha kuona tofauti hiyo. Tatizo ni kwamba kioo cha faiba chenyewe kiko karibu 1.45: kimiminika kilichozidi hapo na kilichopungua kwa kiasi kilekile hurudisha mwanga sawasawa. Shira nyepesi iliyo chini na asali iliyo juu zinaweza kurudisha kiasi kilekile, na pawa mita haitakuambia ni ipi. Faiba za kuchorwa greti (mistari myembamba sana ndani yake) au kupakwa dhahabu zina ustadi zaidi, lakini mashine ya kuzisoma ndiyo humaliza bajeti.

Kwa nani basi? Kwa kiwanda kinachotaka kupima ndani ya bomba bila kupeleka umeme penye mvuke wa kushika moto, na kwa mwanafunzi wa uhandisi mwenye rafiki fundi. Sukari ikimkaukia kwenye ncha, anakata milimita chache kwa kliva, kile kikata-faiba cha fundi, na kuanza na ncha mpya. Prizimu yangu, kile kioo cha kudondoshea, ikikwaruzika, ndiyo basi.