Maikrofoni ya riboni au ya kondensa kwa kurekodi ngoma: uzoefu wangu Dodoma

Studio yangu iko Nkuhungu, jijini Dodoma, katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuishi na wala si kwa ajili ya muziki. Chumba ninachorekodia kina urefu wa mita tano na upana wa mita nne, sakafu yake ni ya vigae, kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, na dari ya jipsamu iko mita 2.7 tu kutoka chini. Wateja wangu wengi ni kwaya, na kwaya siku hizi haiji bila dramu. Dramu zenyewe, kwa kuwa hupigwa kila Jumapili mwaka mzima, mara nyingi huja na matoazi yaliyopasuka ukingoni, yenye mlio mkali kama wa sufuria iliyodondoka kwenye vigae hivyo hivyo.

Kwa miaka mitatu nilitegemea jozi ya kondensa ndogo, Rode NT5, kama maikrofoni za juu ya dramu. Sina ugomvi nazo hata kidogo. Zinastahimili sauti kubwa hadi desibeli 143, kwa hiyo hakuna mpigaji aliyewahi kuzishinda, na kila kinachotokea chumbani huzifikia kikiwa kamili. Shida yangu ilikuwa kwamba kilichotokea chumbani mwangu hakikuwa cha kupendeza: toazi liligonga dari, likagonga ukuta, likarudi kwenye maikrofoni, nami nikawa natumia saa nzima kupunguza masafa ya juu ya sauti, ya hezi 5,000 hadi 9,000, hadi waimbaji wenyewe wakaanza kusikika kama wamejifunika khanga mdomoni. Mwaka jana nikaagiza jozi ya riboni za bei ya kati kutoka China. Chapa yake sitaitaja, maana mojawapo iliharibika kwa uzembe wetu wenyewe na sipendi kosa letu lionekane kuwa la mtengenezaji.

Kwa asiyezifahamu, tofauti ya aina hizi mbili inaanzia ndani kabisa. Kondensa ina kiwambo chembamba cha plastiki kilichopakwa chuma, aghalabu dhahabu, kilichotandazwa karibu sana na bamba lenye chaji ya umeme. Sauti ikikisukuma kiwambo, nafasi kati yao hubadilika na umeme nao hubadilika. Ndiyo maana inahitaji kulishwa umeme wa fantomu wa volti 48, yaani umeme unaopelekwa kwenye maikrofoni kupitia waya uleule wa sauti, mfumo ulioanza kutumika mwaka 1966 pale Neumann ya Ujerumani ilipotoa maikrofoni ya KM 84 kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway. Riboni ni rahisi zaidi kuielewa: ni utepe wa alumini wenye unene wa mikroni chache tu, umekunjwakunjwa kama karatasi ya feni na kuning'inizwa katikati ya sumaku. Hewa ikiutikisa, unazalisha umeme kidogo mno. Na kwa kuwa utepe huo uko wazi mbele na nyuma, riboni nyingi husikia pande zote mbili kwa nguvu ileile, kwa umbo la nane, huku zikiwa karibu viziwi ubavuni. Umbo hili la nane ndilo lililonitesa kwanza, kisha likanifaa kuliko sifa nyingine zote.

Siku ya majaribio nilimwomba mpigaji wa kwaya moja abaki baada ya wenzake kuondoka. Nilifunga NT5 na riboni ubavu kwa ubavu kwenye stendi moja kila upande, nikapima kwa kamba ya kiatu ili kila maikrofoni iwe umbali sawa kutoka katikati ya sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali iliyo mbele ya mpigaji, kwani sauti huchukua takriban milisekunde tatu kusafiri mita moja, na tofauti ya sentimita thelathini inatosha kuipotosha sneya ikasikika kana kwamba inapigwa na watu wawili wasioelewana. Alipiga wimbo mmoja mara nne, na wakati wote huo sikugusa chochote isipokuwa geini, yaani kiwango cha kukuza sauti.

Matokeo ya kwanza ya riboni yalinikatisha tamaa. Umeme wake ni mdogo kiasi kwamba nililazimika kufungua geini hadi karibu mwisho wa kadi yangu ya sauti, kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, na hapo kadi yenyewe ikaanza kutoa mchakacho. Kwenye dramu zinazopigwa kwa nguvu mchakacho huo humezwa. Kwenye wimbo wa polepole, mpigaji anapogusa toazi kwa ncha ya fimbo, unasikika kama mvua ya mbali. Dawa yake ni kile kiongeza-nguvu kidogo kinachowekwa kati ya maikrofoni na kadi, ambacho hutumia umeme wa fantomu kwa mahitaji yake chenyewe, hakiupitishi kwenda kwenye utepe, na huongeza takriban desibeli 25. Nilinunua viwili, na mtu anayefanya hesabu ya gharama za riboni avijumlishe mapema, asije akashtuka kama nilivyoshtuka mimi.

Tatizo la pili lilikuwa dari. Riboni ikiwa mita moja juu ya matoazi, mgongo wake ulikuwa umebakiza kama nusu mita kufika kwenye jipsamu, na kwa kuwa mgongo husikia sawa na uso, nilikuwa narekodi dramu pamoja na mwangwi wa dramu uliochelewa kidogo na kugeuzwa mawimbi yake. Sauti ikawa na utupu wa ajabu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Kondensa zangu, ambazo husikia zaidi mbele kwa umbo la moyo, hazikuwa na adha hiyo kwa kiwango kile. Nilihangaika nalo kwa wiki nzima hadi fundi seremala wa jirani aliponitengenezea fremu mbili za mbao, tukazijaza sufi ya godoro la zamani na kuzifunika kwa kitambaa cha gunia, kisha tukazining'iniza juu ya sehemu ya dramu. Hazipendezi machoni, lakini utupu uliondoka. Mwenye dari ndefu, kama ya ukumbi wa kanisa, hatahitaji haya yote.

Baada ya hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu hulipa fedha nyingi kwa riboni za majina makubwa kama Coles 4038, iliyobuniwa na BBC miaka ya 1950, au Royer R-121 ya Marekani. Matoazi yale yale yaliyopasuka yalitulia. Hayakupotea, mlio wake ulibaki, ila ule ukingo unaochoma sikio haukuwepo, kwa sababu riboni hupunguza masafa ya juu kwa upole badala ya kuyainua kama kondensa nyingi zinavyofanya. Tomu, zile ngoma za kati za dramu, zilipata mwili. Sneya ikawa na uzito wa mbao, si wa bati. Jambo lililonishangaza zaidi lilikuja wakati wa kuchanganya: nilipoinua masafa ya juu ya riboni kwa desibeli tatu au nne ili waimbaji na dramu wakae mahali pamoja, sauti ilifunguka bila kukwaruza, ilhali kwenye kondensa desibeli moja tu ingetosha kunifanya nivue hedfoni. Mwalimu wa kwaya, ambaye hajali mashine inaitwaje, alisikiliza kazi zote mbili bila kuambiwa ipi ni ipi, akachagua ya riboni na kusema, "Hii ndiyo dramu ninayoisikia nikiwa nimesimama mbele ya kwaya."

Ule uziwi wa ubavuni nao ulinilipa. Kwaya nyingi hupenda kurekodi pamoja, mpiga besi na mpiga kinanda wakiwa chumba kimoja na dramu. Kwa kuigeuza riboni ili ubavu wake utazame spika ya besi, uvujaji ulipungua sana kuliko nilivyowahi kuupata kwa kondensa katika chumba kile. Kwenye kiki, ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, hata hivyo, sikuthubutu. Hewa inayotoka kwenye tundu la ngozi ya mbele ni kama pumzi ya nguvu, na inaweza kuuvuta utepe ukalegea. Pale niliacha maikrofoni yangu ya kawaida ya dainamiki, na sioni sababu ya kubadilisha.

Kama hadithi ingeishia studio, ningeuza kondensa. Lakini mwezi Agosti nilialikwa kurekodi kikundi cha akina mama wanaopiga muheme katika kijiji kimoja upande wa Mvumi. Muheme, kwa msomaji asiyetoka kwetu, ni ngoma za wanawake wa Kigogo, hushikiliwa katikati ya mapaja na kupigwa kwa viganja, huku wachezaji wakiwa na njuga miguuni. Nilifika na riboni zangu kwa majivuno, nikazisimamisha mita mbili kutoka kwa wapigaji, moja ikikata nyingine kwa nyuzi 90, mpango ambao Mwingereza Alan Blumlein aliuweka kwenye hataza yake ya mwaka 1931. Nilirekodi, nikampa hedfoni mama anayeongoza. Alisikiliza kwa makini hadi mwisho, akanirudishia na kuniambia, "Mwanangu, ngoma ni zetu, lakini umezifunika blanketi. Vidole viko wapi?"

Alikuwa sahihi. Katika muheme, kiganja kinapotua ngozini huwa kuna mlio mfupi wa vidole kabla ya ule mzito, na ndani ya mlio huo mfupi ndimo wapigaji wanamojibizana. Riboni ililainisha hapo pasipohitaji kulainishwa, na njuga zikawa kama mchanga unaotikiswa kwenye mfuko. Hapakuwa na ukuta wala dari ya kurudisha sauti kali, kwa hiyo ile tabia ya riboni iliyoniokoa Nkuhungu haikuwa na kazi yoyote pale chini ya mbuyu. Nilitoa NT5 kwenye begi, nikazivika vifuniko vya manyoya vya kuzuia upepo, nikaziweka mahali pale pale. Mama alisikiliza tena, akacheka, akaanza kutaja majina ya wapigaji mmoja mmoja kwa kusikia vidole vyao.

Ni siku hiyo hiyo tulipoharibu riboni moja. Wakazi wa Dodoma wanaujua upepo wa kiangazi, ule unaoinua vumbi jekundu kuanzia asubuhi ya saa nne. Kijana ninayefanya naye kazi aliiacha riboni kwenye stendi bila kifuniko wakati sisi tukiwa tunahamisha waya, upepo ukapita, na tuliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka na kuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Utepe ulikuwa umevutika na kugusa sumaku. Kulikuwa na vumbi pia, na vumbi letu lina chembe za chuma ambazo sumaku huzivuta na kuzishikilia. Sikupata fundi wa kuubadilisha hapa, na gharama ya kuituma nje ilikaribia bei ya kununua mpya. Tangu hapo iliyobaki huwekwa wima ndani ya kisanduku chake, ndani ya mfuko wa plastiki, na haitoki nje ya geti.

Kwa haki, kondensa nayo ina adui yake, ila adui huyo haishi huku. Rafiki yangu mwenye studio Dar es Salaam hulalamika kwamba kondensa zake huanza kupasuapasua sauti majira ya unyevunyevu, naye huzihifadhi pamoja na vifuko vya chembechembe zinazofyonza maji. Hapa kwetu, ambako mvua hunyesha miezi michache tu na hewa hukauka hadi midomo ikapasuka, zangu hazijawahi kunifanyia hivyo.

Anayerekodi dramu katika chumba kidogo kigumu kama changu, na ambaye tayari ana kondensa, naamini riboni moja nzuri itamsaidia kuliko jozi ya pili ya kondensa. Aiweke mbele ya dramu, usawa wa kifua cha mpigaji, kama mita moja na nusu, naye atapata picha nzima kwa kuchanganya na zile za juu. Kabla ya kuiunganisha azime umeme wa fantomu na akague waya wake, kwa kuwa waya mzima hauna madhara, lakini waya uliounganishwa vibaya unaweza kuupeleka umeme huo moja kwa moja kwenye utepe. Ambaye hana chochote aanze na kondensa. Mimi kwa sasa narekodi kwa riboni yangu moja mbele na NT5 mbili juu, zikiwa zimeshushwa sauti, na Mwalimu wa kwaya bado hajaniuliza ile nyingine imekwenda wapi.