WordPress Multisite: Blogu Nyingi, Usakinishaji Mmoja
Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, WordPress, programu ya kuunda blogu na tovuti, huruhusu blogu nyingi kuendeshwa kwa usakinishaji mmoja, na mpangilio wake wa folda unaridhisha kwa kiasi kikubwa. Mandhari (miundo ya mwonekano wa blogu) na programu-jalizi (programu ndogo za kuongeza uwezo) huwekwa mara moja tu kwa ajili ya blogu zote, ilhali picha za kila blogu hutengwa ndani ya wp-content/uploads/sites. Kinachokera ni kwamba folda hizo hupewa namba badala ya majina, hivyo anayetafuta picha za blogu ya mapishi hukuta 2, 3 na 7, akalazimika kufungua ukurasa wa kuhariri tovuti ili aisome namba kwenye anwani yake. Blogu kuu, cha ajabu, haimo humo; picha zake hubaki kwenye uploads yenyewe.